Kabati Kwenye Njia ya Kaa

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa na milango miwili iliyotazamana: wa mbele ulielekea msituni, wa nyuma baharini. Bi harusi, kama mtaa ulivyoendelea kumwita ingawa mwaka ulishakatika, alipohamia kisiwani alikuja na kabati kubwa la marehemu mama yake, lenye kioo kirefu. Pahali pekee palipolitosha ni mbele ya mlango wa nyuma. Likawekwa hapo, likaziba mlango, likaziba na bahari.

"Hapo wanapita kaa," mama mkwe alisema siku ile ile. "Mvua kubwa ikinyesha wanashuka kutoka msituni kwenda kumwaga mayai baharini. Wanapita humu humu ndani. Sisi ndio tuliojenga njiani kwao."

Bi harusi aliitikia kwa adabu na asiamini hata neno moja. Kaa gani wa msituni? Kaa aliowajua yeye walikuwa wa sokoni, wamefungwa kamba. Mkwe akitaka kukutoa, aliwaza, haanzi na wewe, huanza na vyombo vyako. Akamwambia mumewe, fundi wa mashine za barafu ambaye kazi ilimpeleka ng'ambo kila mara: kabati likitoka, na mimi nimetoka.

Basi siku zikapita polepole, kama zinavyopita kisiwani. Asubuhi yangeyange walisimama juu ya paa la jirani, weupe na kimya, kama nguo zilizosahauliwa kuanuliwa. Mjusi wa nyuma ya saa ya ukutani alitoa kichwa, akatazama watu, akarudi kulala. Mchana joto lilipotanda, kioo cha kabati kiliuvuta msitu wote ndani ya nyumba. Majani yalitikisika mle kiooni, ndege wakaingia upande huu wakatokea upande ule, na bi harusi, sindano mkononi, hakujua kama yu macho au anaota. Mama mkwe alipita na ndoo yake katikati ya msitu ule.

Kumwita "mama" alikuwa hajaweza. Neno hilo lilikuwa la mtu mmoja tu, na alikwisha kuzikwa. Kwa hiyo maneno yake yote yalianzia katikati: chai iko tayari, mlango nimefunga. Mama mkwe naye alimwita mgeni, na kusema kweli wote wawili walikuwa wapweke mle ndani.

Kisha mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi mama mkwe alisimama mbele ya kabati, akalipima kwa macho toka juu mpaka chini.

"Leo wanakuja. Hili tutalifanyaje, mgeni?"

"Litakaa lilipo."

"Haya. Kazi ipo."

Bi harusi akaingia chumbani, akatia nguo mbili tatu kwenye begi, akashika njia ya gatini kwenda kupanda boti. Hakufika. Kwenye kona barabara ilikuwa nyekundu, tena inatembea. Lori lilikuwa limezima injini na dereva amekaa juu ya boneti, anachana nywele bila haraka yoyote.

"Simama tu, dada," alisema. "Hawa hawapigiwi honi."

Akasimama. Kaa walishuka kutoka msituni wakiwa wamekumbatia mayai yao tumboni, wakichakarisha majani makavu. Wengine walipita juu ya viatu vyake wala wasimjali. Alitazama kitambo, kama mtu anayetazama usingizi wake mwenyewe, kisha akalikumbuka kabati. Kumbe mama mkwe hakutia chumvi. Sasa hivi kabati litakuwa limeshatupwa uani kwenye tope, kioo vipande vipande, naye angemlaumu nani? Akageuka, akarudi kwa uangalifu, akitafuta pa kukanyaga.

Uani hapakuwa na kitu. Ndani, nguo zake za kabatini zilikuwa zimekunjwa vizuri mezani, na kabati lilisimama pale pale, ila limerefuka. Kila mguu ulikuwa juu ya matofali. Jeki ya gari la jirani ilikuwa kando, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kaa waliingia kwa mlango wa mbele, wakainama chini ya kabati, wakapotea kwenye mwanga.

Mmoja tu ndiye aliyegoma. Alijiona kiooni, akainua magando, akasimamisha foleni nzima. Mama mkwe alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, ufagio mkononi, akimbembeleza.

"Pita, mama wee. Huyo si adui. Huyo ni wewe mwenyewe."

Alimwona bi harusi, akaliona na begi, akajifanya hakuliona. "Mgongo wangu umekwisha, lakini kioo hakina hata alama. Jirani alitaka tulitoe nje. Nikamwambia lete jeki. Mtoto wa watu hana kingine cha mama yake humu ndani."

Bi harusi akaliweka begi chini. Akalala kifudifudi kando yake, shavu kwenye sakafu yenye unyevu, na kutoka pale chini aliiona bahari mle nyumbani kwa mara ya kwanza.

"Mama," alisema, "sogea kidogo na mimi nione."

Mama mkwe akasogea, akampa ufagio.