Kuni za Homa

Kaviha alimdharau mkwewe Masha tangu siku ya posa, na hakuona haja ya kulificha jambo hilo. Masha alikuwa dresa katika zahanati ndogo ya Frere Town. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda na kugawa kwinini, lakini koti lake jeupe alilivaa hata kanisani, na mtu akimwita daktari hakumsahihisha.

Sasa Dhahabu, binti wa Masha, mtoto wa miaka sita, alikuwa na homa siku ya tatu. Kaviha alikuja kwa miguu kutoka Mikindani, kibuyu cha asali kwapani, akaketi barazani. Hakuingia. Mtoto alilazwa chumbani mwa Masha, na kwao Wagiriama mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mkwewe. Mila nyingine zote Masha aliziita ushenzi. Hii moja aliitunza kama lile koti.

"Shikamoo, mama," alisema akiwa mlangoni. "Kaa hapo hapo nje, heshima ni heshima. Mtoto namtibu mimi."

"Marahaba. Amekula nini?"

"Mgonjwa wa homa halishwi." Akafungua daftari lake la mafunzo. "Homa inaagizwa na ubongo, mama. Ubongo unauambia mwili upandishe joto upigane na ugonjwa. Ndiyo maana mtu anatetemeka kwa baridi huku anawaka. Moyo unakwenda mbio, mwili mzima unafanya kazi kupita kiasi. Ukimpa chakula, unachochea moto."

Kaviha alimtazama kama mtu aliyevaa shati ndani nje.

"Na moto wenyewe unawaka kwa kuni zipi, mwanangu?"

"Mwili una akiba yake."

"Akiba ya mtoto wa miaka sita! Mimi nimechoma mkaa miaka thelathini. Huo moto umeshamaliza kuni, sasa unakula nguzo za nyumba."

Masha akacheka, akaandika kitu. Kaviha aliwaza kwamba mjinga asiyejua kusoma angalau huuliza watu.

Adhuhuri Jumwa, mama wa mtoto, alitoka akilia. "Mama, Dhahabu haitiki! Ngozi imepoa, jasho linamtiririka, mikono inashtukashtuka."

"Homa imeshuka," Masha alisema kwa furaha, akiinua kipimajoto wote wakione. "Kwinini imefanya kazi. Mwacheni alale."

Kaviha akainuka. Masha akaziba mlango kwa mikono miwili.

"Mama, mila!"

"Mila umezitupa zote, ukabakiza hii ya kunifungia mlango. Nipishe!"

Akampiga kikumbo, asali ikalichafua koti, akavuka kizingiti. Aliona haya, haya ya kweli, maana alijua kwao watamsema mpaka azikwe. Lakini alipomwona mjukuu wake, haya ilimwisha. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Kwa siku tatu homa ilikuwa imekula mafuta na nyama ya mtoto yule, na hakuna aliyempa hata kijiko cha uji.

Akamlaza ubavu, akachovya kidole kwenye asali, akamsugua ufizi kidogo kidogo asije akapaliwa. Akachovya tena, na tena. Masha alikuwa akisema pale mlangoni kwamba hiyo si dawa, na kila aliposema sauti yake ilipungua.

Kisha kidole kikanyonywa. Dhahabu akafumbua jicho moja.

"Bibi," alinong'ona, "umeingia chumba cha baba."

Kaviha akalia mbele ya mkwewe bila kujifuta.

Alasiri, mtoto alipokwisha kunywa uji nusu bakuli, Masha alitoka barazani na daftari na kalamu. Hakumtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama, ile asali ilikuwa kiasi gani?"

"Ya nini? Ukajisifu zahanati?"

"Kuna watoto wengine wawili wana homa." Akafunga daftari. "Tangu juzi nimewakataza mama zao wasiwalishe."

Kaviha alikuwa na maneno ya kumtosha mtu yule mwaka mzima, na yote yalikuwa tayari mdomoni. Akayaacha. Akakinyakua kibuyu.

"Weka kalamu hiyo chini, unionyeshe nyumba zao. Na hilo koti livue, tukimbie."