Hodi Juu ya Lami

Kwanza ulisikika mvumo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya pipa, na ndani ya mvumo huo kulikuwa na kishindo: du, du, kimya, du. Mbele ya karakana yake ya tairi, shangazi alikuwa ameinamia rimu yenye kutu, mgongo kauelekezea barabara. Hakugeuka.

"Mvumo ni meno ya tairi mpya, huo hauna dawa," alisema peke yake, huku akiendelea kusugua. "Usukani unacheza, gurudumu la mbele kushoto halina mizani. Upepo umezidi kote. Ila hiyo du siijui."

Ndipo gari likatokea: pikapu nyeupe ya hospitali, imeinuka juu kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kwenye usukani alikuwa mtoto wa kaka yake, dereva, ambaye shangazi alimlea tangu hajajua kujifunga vifungo.

Mtaani walimwita Bi Mizani. Alikuwa akiliinua gurudumu, analizungusha kwenye vidole viwili, anataja upande mzito kabla mashine haijawashwa. Mashine ikiwashwa ilikuwa inakubali tu. Dereva alijivunia jambo hilo kuliko leseni yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kakudanganya ukanunua hivi viatu vya jeshi?"

"Nilichagua mwenyewe. Mvua zikianza, njia ya bondeni haipitiki."

"Ulichagua kwa macho."

"Lakini ni nzuri."

"Ni nzuri, sijakataa. Marehemu mume wangu naye alikuwa mzuri, na alikoroma hivihivi."

Dereva hakucheka. Mkewe alikuwa mjamzito, na hiyo ilikuwa mimba ya tatu. Mbili zilizotangulia zilitoka. Daktari alikuwa amemlaza, akasema asitikiswe hata kidogo, na kesho yake apelekwe hospitali kuu iliyoko mwisho wa barabara mpya ya lami. Gari la kumpeleka lilikuwa hilohilo.

"Asubuhi nilijaribu kwa ndoo ya maji," alisema. "Niliiweka pale atakapolala. Nilipofika, ndoo ilikuwa tupu."

Shangazi aliangalia gari, akaangalia uso wake, akavuta jeki.

Alianza na upepo. Aliyefunga tairi zile alikuwa amezijaza kadiri mpira unavyoweza kubeba, si kadiri gari linavyohitaji, na mpira wenyewe ulikuwa mgumu. Shangazi aliupunguza, huku akibonyeza pembeni kwa dole gumba kama mtu anayepima parachichi. Kisha aliinua kila gurudumu, akaliegeshea chaki na kulizungusha, aone kama lina umbo la yai. Yote yalikuwa mviringo. Kushoto mbele aligongelea kipande cha risasi cha kusawazisha mizani, akakitoa, akakikata nusu, akakirudisha. Alikagua bushi, zile mpira za kwenye maungio, akakaza nati kwa kuruka, moja hapa na nyingine ng'ambo yake, ili rimu ikae katikati. Jua lilipoanza kushuka alijifuta mikono.

"Nenda kajaribu."

Kwenye njia ya vumbi, penye mashimo, gari lilikwenda kama linabembelezwa. Usukani ulitulia. Dereva aliimba. Alipopanda kwenye lami mpya, laini kama sahani iliyooshwa, kishindo kikarudi palepale: du, du, kimya, du. Aliegesha, akashuka, akapapasa lami kwa kiganja. Haikuwa na hata kovu. Akageuza.

Shangazi alichukua bisibisi, akakaa juu ya ndoo, akaanza kuchokonoa mitaro ya tairi. Zilitoka kokoto, kama kawaida. Kisha ikatoka bawaba ya mlango. Kikatoka kijiko cha chai, komeo la dirisha, na mwisho kipande cha saruji ya rangi ya bluu chenye kigae cha sahani katikati. Shangazi alikitambua kama mtu anavyolitambua jino lake.

"Kizingiti changu hiki," alisema.

"Kumbe."

"Nilikisakafia mwenyewe. Wewe ndiye uliyeivunja hiyo sahani."

Pale ilipopita lami palikuwa na nyumba, na yake mojawapo. Watu wa ofisi ya barabara walipaka alama nyekundu ukutani, wakawaita wenye nyumba ofisini kuwaeleza habari za viwanja vingine watakavyopewa. Walipokuwa ndani wakieleza na kuelezwa, matingatinga yalifanya kazi yake. Viwanja havikuja. Tangu hapo shangazi alilala nyuma ya karakana, kati ya tairi kuukuu.

"Tairi zako za zamani zilikuwa vipara, zilikuwa zinateleza juu kwa juu," alisema. "Hizi zina meno, zinashika. Unakwaa vizingiti vya watu, mwanangu. Unaingia sebuleni na kutokea jikoni kwao bila hodi, halafu unataka wasikutikise?"

"Sasa dawa yake?"

"Dawa yake nilikufundisha ukiwa mdogo."

Asubuhi walimlaza mke wa dereva nyuma ya pikapu, kwenye magodoro mawili, chini ya turubai. Shangazi alikaa kando yake, amemshika mkono.

"Kishindo kikianza kutikisa nigongee," dereva alimwambia mkewe.

"Kikianza kutikisa utanisikia bila kugonga," alijibu mkewe.

Lami ilipoanza, dereva alishusha kioo, akapunguza mwendo, akatoa kichwa nje.

"Hodi."

"Karibuni," ilijibu sauti ya mwanamke kutoka chini ya lami, na gari likapita bila hata kuyumba.

"Hodi."

"Piteni tu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mama."

Waliendelea hivyo, nyumba hadi nyumba. Mahali fulani alijibu mzee. "Subirini, navaa," alisema. Wakasubiri. Nyuma yao lori lilipiga honi. Shangazi alifunua turubai, akamwambia dereva wa lori kwamba mwenye nyumba anavaa. Dereva wa lori alizima injini na kumenya chungwa.

Kufika palipokuwa na kizingiti cha bluu, dereva alisema hodi kwa sauti ndogo zaidi.

"Karibu, mwanangu. Vua viatu, nimepiga deki."

Ilikuwa sauti ya shangazi, lakini ya zamani, haijakwaruzwa na moshi wa karakana. Dereva alivua ndala, akakanyaga klachi kwa miguu mitupu. Nyuma, shangazi aliinua turubai kidogo, akachungulia chini.

"Nilikuwa na sauti nzuri," alimwambia mke wa dereva.

Walifika. Mke wa dereva alisema alikuwa amesinzia njiani. Alibaki hospitali kuu mpaka siku zake zikatimia, akajifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye hasira.

Katika muda huo ofisi ya barabara ilipata habari, ikatenda upesi kuliko ilivyowahi kutenda. Ilisimika bango la chuma, zuri, la rangi inayong'aa: PUNGUZA MWENDO, PIGA HODI. Shangazi alikwenda kuuliza habari za viwanja. Mkuu wa ofisi alimwambia suala linashughulikiwa, kwa maneno yaleyale, kutoka kwenye kiti kilekile.

Siku ya kumrudisha mama na mtoto, shangazi alikaa mbele, amempakata mtoto. Kwenye kizingiti cha bluu dereva alikuwa ameshavua ndala.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Mbona nasikia mtoto?"

"Nimekuletea mjukuu."

"Mlete basi nimwone. Leo wamepita watu wamenipakia rangi nyekundu ukutani, nyumba imekuwa kama ina jeraha. Lakini usiwe na wasiwasi, wamesema hawavunji mpaka tupewe viwanja. Kesho naenda ofisini kuwasikiliza."

Dereva alisimamisha gari. Alimgeukia shangazi aliyekuwa kando yake.

"Mwambie asiende."

"Nilikuja juzi kwa miguu nikamwambia," alisema shangazi, akimfuta mtoto mdomo. "Hasikii. Nilikuwa mbishi sana."

Magari ya nyuma yalikuwa yamesimama, na kila dereva alikuwa akipiga hodi kwa zamu yake. Bawaba ya mlango wa kale ilining'inia kwenye kioo cha pikapu, mahali wengine wanaponing'iniza manukato. Dereva alitoa kichwa dirishani, na kusema kwa nguvu, kama mtu anayesema na mwenye nyumba aliye chumba cha ndani.

"Shangazi, sikiliza. Kila nitakapopita hapa nitapiga hodi, niwe na mgonjwa au nisiwe naye, hata nikiwa na haraka. Na huyu nitamfundisha hodi kabla hajajua kuniita baba. Wengine wafanye wanavyojua. Mimi na mwanangu hatutaingia kwako bila kukaribishwa."