Kipande cha Tatu cha Nguzo ya Tisa

Profesa aliingia ofisini kwa mkurugenzi bila hodi, na salamu hakutoa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Karibu thelathini kati ya hiyo aliimalizia kwenye tope la chini ya bahari, na kama kuna kitu ambacho tope halikumfundisha, ni adabu.

"Nani kampa yule mtoto ruhusa ya kufungua nusu yangu ya akiba?"

Yule mtoto alikuwa daktari wa sayansi mwenye miaka thelathini na nne na watoto wawili nyumbani. Alikuwa mwanafunzi wa Profesa zamani, na wakati huo alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti cha wageni, bahasha mapajani, anasikia kila neno.

"Nimempa mimi," mkurugenzi akasema. "Kaa, Profesa."

"Sikai."

Haya, asiyeijua kazi hii na aelezwe, asije akadhani watu wazima hawa waligombania uchafu. Meli inashusha bomba refu mpaka sakafu ya bahari, bomba linazama kwenye tope na kupandisha nguzo nzima ya tope, mita kwa mita. La juu ni la juzi, la chini ni la kale. Ndani mna magamba ya viumbe wadogo kama chembe za chumvi, na ukiyapima unajua bahari ilikuwa na joto kiasi gani viumbe hao walipokuwa hai. Mna pia vumbi la nchi kavu, na vumbi likizidi ujue huko nchi kavu mvua zilikatika. Nguzo hukatwa vipande vya mita moja hapo hapo melini. Kila kipande hupewa vifuniko viwili, cha buluu juu, cheupe chini. Wakishafika bara hukipasua kwa urefu, nusu ya kazi na nusu ya akiba. Basi. Ukibadilisha vifuniko kwa bahati mbaya umeisimamisha historia kichwa chini, na tope lenyewe halipigi kelele.

Nguzo ya tisa ndiyo iliyomfanya Profesa aitwe Profesa. Katika kipande chake cha tatu alisoma kwamba miaka elfu nane iliyopita bahari ilipoa kwanza, kisha ndipo mvua zikakatika. Bahari ndiyo iliyoanza! Maneno hayo aliyatembeza kwenye makongamano na vitabuni, na aliyeyapinga alitolewa uvivu mbele za watu mpaka akatafuta mlango.

"Mwalimu," Daktari akasema, sauti ya upole kabisa, "nimepima umri wa magamba yaliyobaki kwenye vichupa vya zamani. Nimerudia mara tano. Ya juu ni ya kale kuliko ya chini."

"Basi umechanganya vichupa."

"Nilijua utasema hivyo. Ndiyo maana nataka nusu ya akiba. Ile ya kazi imechotwa ikaisha."

"Na hii hutaigusa mpaka nistaafu."

"Itafunguliwa saa nane mchana," mkurugenzi akasema, kisha akamwomba Daktari awapishe.

Mlango ulipofungwa, yule bwana alilegeza uso. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe kimya kimya. "Sikiliza, Profesa. Mimi sitaki aibu na wewe huitaki. Vifuniko hufungwa na nani melini? Fundi. Tutaandika sahihisho fupi, kosa la fundi, wewe jina lako linabaki pale pale. Yeye tutamtoa kwenye safari ya mwezi ujao, aje mwingine awafundishe mafundi wapya."

Fundi mwenyewe alikuwa shemeji yake Profesa, mume wa mdogo wake wa pili. Watu hao wawili hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya harusi, Profesa aliposema mbele ya wageni kwamba mdogo wake ameolewa na msumeno. Naye fundi hakuwa bubu, alimbandika jina la Mama Tope na jina likashika jengo zima. Miaka yote hiyo alikata na kupasua nguzo za wenzake, na safari ya mwezi ujao ndiyo ya kwanza aliyopewa kuwa mkuu wa mafundi. Alikuwa ameshanunua buti mpya.

Sasa, Profesa alijua vizuri sana nani alifunga vifuniko vile. Siku ile bahari ilichafuka, fundi alikuwa kitandani anatapika nyongo, na yeye Profesa, hajalala siku mbili, alifunga vipande vyote peke yake kwa glavu zilizolowa. Alijua hilo kama anavyojua jina la mama yake.

"Andika," akasema.

Lo! Hivi hivi, macho makavu. Mtu kamla shemeji yake mzima mzima na wala hajajilamba.

Habari haikuchukua saa nzima kumfikia mwenyewe. Alimngoja Profesa kwenye korido ya maabara, kati ya makabati ya vichupa, aproni bado ina tope.

"Shemeji, siku ile mimi nilikuwa wapi?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki! Nilikuwa kitandani na ndoo kifuani, na wewe ulikuja mlangoni ukanicheka."

"Miaka mingi imepita."

"Ya elfu nane unaikumbuka, ishirini na nane imekushinda?"

Profesa alitaka kupita, shemeji yake akasogea akaziba njia. Hakupandisha sauti. "Nimemwambia mkurugenzi sikuwepo. Kaniuliza shahidi wangu nani. Nimekutaja wewe."

"Umekosea kuchagua."

"Nimempigia mdogo wako simu. Unajua kaniambia nini? Kaniuliza kama nina uhakika si mimi. Mke wangu wa ndoa! Kasema dada hawezi kusema uongo kwenye kazi yake." Akamwangalia toka kichwani mpaka viatuni. "Nenda zako. Una roho ya jiwe wewe."

Profesa akaenda zake. Moyo ulimwuma, tusimsingizie. Ulimwuma hasa pale kwenye neno la mdogo wake. Lakini aliubana ukanyamaza, kama alivyozoea.

Saa nane walikuwa wanne ndani ya chumba cha baridi, wamevaa makoti mazito, pumzi zinatoka moshi. Rafu zilijaa mabomba mpaka darini. Fundi alishusha kipande cha tatu, maana hakuna mwingine aliyejua kukishika, akakilaza mezani chini ya taa. Kilizungushiwa utepe, na juu ya utepe mwandiko wa Profesa: Kisifunguliwe bila idhini yangu. Fundi alikata utepe bila kuuliza idhini ya mtu.

Daktari alipitisha kisu chembamba juu ya tope, taratibu, akiondoa ngozi iliyokauka. Tope likang'aa, la kijivu, kisha la hudhurungi. Karibu na katikati ukatokea uzi wa mchanga, mwembamba kama kamba ya kiatu.

"Ni huu," akasema. "Mkurugenzi, njoo uone. Mchanga ukimwagika baharini, chenga nzito ndizo zinazotangulia kutua, laini zinafuata. Kwa hiyo nzito lazima ziwe chini. Hapa nzito ziko upande wa kifuniko cha buluu. Kipande kiko kichwa chini. Mvua ndizo zilizotangulia kukatika, bahari ikapoa baadaye sana."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Profesa alisimama mikono mifukoni. Mpaka hapo alikuwa amejiandaa. Alikwisha kujipangia sura ya kushangaa na maneno ya kusikitika, na angeyasema, na mambo yangeisha.

Lakini Daktari akamgeukia. Na ule uso, jamani, ulikuwa na huruma. "Mwalimu asilaumiwe," akasema. "Uzi wenyewe mwembamba, taa za wakati ule zilikuwa duni. Jicho la mtu linachoka. Mtu anaweza kupitiwa."

"Kweli," mkurugenzi akadakia. "Tutaandika hivyo. Fundi alikosea, Profesa hakugundua."

Fundi akacheka kicheko kibaya. "Hakugundua! Mimi mtu wa msumeno nimeuona nikiwa nimesimama hapa mlangoni. Na huyu ndiye aliyetufokea miaka yote kwamba hatujui kusoma tope!"

"Nyamazeni!"

Sauti iligonga kuta za bati. Profesa alikuwa ameshatoa mikono mifukoni, amesogea mezani.

"Sikuuona mimi? Mimi! Niliuona miaka kumi na sita iliyopita. Niliifungua hii nusu nipige picha ya kitabu, na nikauona kabla hata sijawasha taa ya pili. Nikajua papo hapo. Nikafunga, nikaweka utepe. Na vifuniko nilifunga mwenyewe. Huyu alikuwa kitandani anatapika."

Mkurugenzi akashusha sauti. "Profesa, unaelewa unachosema? Asiyeona tunamsahihisha tu. Aliyeona akaficha..."

"Anafukuzwa. Vitabu vinafutwa. Ninaelewa kuliko wewe. Futeni. Lakini msithubutu kuandika mahali popote kwamba nililiangalia tope nisilione."

Fundi aliuokota ule utepe, akaukunja. "Asante sikupi," akasema.

"Nani kakuomba? Si wewe niliyekuwa nakutetea."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na kila mtu pale aliliamini.

Daktari aliweka kisu mezani. Ile huruma ilikuwa imemtoka usoni, haikubaki hata ya kuombea. "Miaka kumi na sita," akasema. "Mimi kumi na miwili iliyopita niliandika kwenye mtihani wako kwamba kipande hiki huenda kimepinduka. Ukanifelisha. Ukaisoma karatasi yangu mbele ya darasa zima, wakacheka. Nilirudia mwaka."

"Nakumbuka," Profesa akasema.

"Ulijua niko sawa."

"Nilijua."

Daktari alitingisha kichwa polepole, kisha akavuta kiti, akakaa, akafungua daftari. Hakulia wala hakutukana, na ingekuwa nafuu angetukana.

"Kigeuze," Profesa akamwambia fundi. Fundi akakigeuza, kwa ajili ya tope, si kwa ajili yake. Profesa akachukua kisu, akainama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakisoma kile kipande kwa sauti jinsi kilivyokuwa, kutoka chini kwenda juu, hakuruka hata mstari. Alisoma vizuri. Hakuna mtu nchi nzima ambaye angesoma kama yeye, na wote wanne walilijua hilo.

"Sentimita ya thelathini na moja," akasema, "vumbi linaanza kuzidi. Bahari bado ina joto. Umeandika, mwanangu?"

"Nimeandika, Bibi," Daktari akajibu bila kuinua kichwa, neno Mwalimu halikumtoka tena. "Endelea."