Inchi Sita za Antipasi

Sara alifia mbugani, ndani ya Landrova ya zahanati, saa saba mchana, mume wake akiwa chini ya gari na koleo mkononi.

Mume huyo, Antipasi, ndiye aliyekuwa dereva. Uchungu ulikuwa umemshika Sara tangu alfajiri, na walikuwa wakimpeleka hospitali ya Itigi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na ule udongo mweusi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, ulikuwa umegeuka uji. Gari lilizama mpaka tumbo. Magurudumu yakazunguka bila kushika kitu, maana chesisi yote ilikuwa imelala juu ya matope kama mtu aliyelala kifudifudi. Antipasi alichimba kwa muda wa saa tano. Nesi Aneth, aliyekuwa ndani na mgonjwa, alimwita mara mbili. Mara ya tatu hakumwita, alishuka tu akaja kusimama karibu yake. Antipasi aliendelea kuchimba kwa muda hata baada ya kuelewa.

Tangu siku hiyo akawa na wazo moja. Gari lingekuwa juu, lisingekaa matopeni. Alilisema msibani, akalisema kwenye mkutano wa kijiji, akalisema kwa watu waliokuja kununua chumvi tu kwenye duka la kijiji. Mwaka wa pili alizeti ilikubali, kijiji kikachanga fedha za kuliinua gari, na mwezi wa tisa Antipasi akaiendesha Landrova ile ya tangu enzi za baba yake kutoka kwao, mbele ya Mitundu, mpaka Singida mjini.

Matairi aliyafuata kwa mzee Ishwarlal, ambaye alizaliwa nyuma ya duka lile lile na alikuwa ameuza matairi kabla Antipasi hajajua kutembea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo Landrova bado inatembea? Imenizidi mimi."

Antipasi alionyesha matairi mapana yenye meno manene ya kashata yaliyopangwa mlangoni, yale ambayo kila apitaye huyageukia. Mzee akatikisa kichwa. Kwa mchanga, alisema, angempa hayo bila maneno. Lakini udongo mweusi unataka tairi jembamba na refu, lenye kashata zilizoachana ili matope yatoke. Jembamba linakata uji, linatafuta ardhi ngumu iliyo chini, linaisimamia. Pana linaelea juu juu, na likishajaa matope linakuwa kama limepakwa sabuni. Isitoshe, mapana yale yangesugua mbavu za gari kila likikata kona, na fundi angelazimika kuliinua zaidi ya inavyofaa.

"Wewe unataka kuvuka mbuga au unataka watu wakuangalie?" akauliza.

"Mzee, mbuga naijua. Imeniulia mke."

Ishwarlal akainuka kwenye kiti chake, akayavingirisha matairi yale mapana kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwenye gari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Antipasi siku hizo. Akishalitaja jina la Sara, hakuna mtu aliyeweza kubishana naye tena.

Fundi Mughwai alijaribu. Gereji yake ilikuwa upande wa pili wa mji, na yeye na Antipasi walikuwa marika, kwa hiyo walitaniana kwanza kabla ya kufika kwenye kazi. Mughwai alishauri kuliinua gari inchi mbili. Aliingia chini ya gari, akamwita mwenzake naye aingie, akamwonyesha kwa bisibisi. Springi zilikuwa zimechoka, alisema. Angeongeza bapa moja la springi kila upande, gari lingesimama kama lilivyotoka kiwandani na zaidi kidogo, na likiwa na matairi yanayostahili lingepita.

Antipasi alitaka sita.

"Ukiinua sita, ndugu yangu, utapanda kwa ngazi."

"Nitapanda."

Basi Mughwai akainua sita, na kazi yake haikuwa na kasoro. Alirefusha mipira ya breki ili isikatike ekseli ikining'inia, akafunga shokapu ndefu, akakaza kila boliti mara mbili. Siku ya mwisho alipanda juu ya paa, akalifungua lile keria la vyuma ambalo Landrova ile ilikuwa imelibeba miaka yote, akalishusha chini. Akamshika Antipasi bega, na safari hii hakutania.

"Uzito wa gari hili umepanda juu. Ndani pakia unavyopakia. Juu asikae mtu, usiweke hata gunia. Likiinama kidogo halitarudi."

Antipasi alisema amesikia. Na kweli alikuwa amesikia. Keria akalirudisha kijijini ndani ya gari, kwa sababu lilikuwa mali ya zahanati, akaliegemeza nyuma ya ukuta.

Watu walikuja kulitazama gari. Watoto walipita chini ya bampa wakiinama. Vijana wakasema dereva sasa atakuwa anaongea na ndege. Aneth peke yake aliuliza mgonjwa atapandaje, na seremala akachonga ngazi ya hatua tatu. Antipasi alilala vizuri wiki ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mzee Alute alimjia nyumbani na wazee wawili. Alute alikuwa mtu wa maneno machache, aliyewahi kuchimba kaburi la Sara bila kuombwa. Walisalimiana, wakakaa, wakaongea habari za mvua na ng'ombe. Kisha Alute akalileta lililomleta. Mgonjwa haendi Itigi peke yake. Ndugu humsindikiza, wana unga wao, sufuria, kuni, hata kuku, maana huko ndiko watakakopika na kulala mpaka mwenzao atoke. Ndani ya Landrova, godoro likishatandikwa, wanaingia watu wanne. Wengine siku zote walikaa juu. Sasa wakae wapi?

Antipasi alieleza maneno ya fundi. Alute alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ya Sara," akasema taratibu, "mlisindikizwa na nani?"

Hawakusindikizwa na mtu. Ndugu wa Sara walikuwa Mkalama, ndugu zake yeye walikuwa shambani, na yeye hakutaka kusubiri. Alikuwa yeye, nesi, na mgonjwa.

"Kungekuwa na wanaume wanane juu," Alute akasema, "wangeshuka wakasukuma. Usingechimba peke yako."

Wazee wale wawili waliangalia chini. Jambo hilo hilo Antipasi alikuwa akijiambia kila siku kwa miaka miwili. Kesho yake alipanda juu ya paa na spana, akalifunga keria.

Mwezi wa kwanza mvua ilishika. Dorkas, binti wa mdogo wake Alute, alianza uchungu asubuhi, na ilipofika saa nne Aneth alisema mtoto amekaa vibaya, waende. Godoro likatandikwa. Ndani wakaingia Aneth, mama yake Dorkas, na shangazi. Juu wakapanda wanaume sita, Alute mbele kabisa, na mdogo wake Dorkas aitwaye Jesca, amekumbatia sufuria. Magunia mawili ya unga na mzigo wa kuni vikafungwa nyuma yao.

Kabla ya kufunga mlango Aneth aliuliza kwa sauti ya chini kama fundi hakukataza watu wa juu.

"Alikataza," Antipasi akajibu. "Lakini tukikwama?"

Aneth alimtazama Dorkas, akatazama mawingu, akafunga mlango.

Waliingia mbugani saa tano. Matairi mapana yalianza kuteleza kama mzee Ishwarlal alivyosema, na gari likasogea kiubavu. Wanaume wakaruka chini bila kuambiwa, wakaingia matope mpaka magotini, wakasukuma huku wakiimba na kutukanana kwa utani. Gari likashika. Likatambaa. Maji yalipita chini ya chesisi bila kuigusa. Walipotoka upande wa pili wanaume walipanda tena juu, wamepakaa matope mwili mzima, na Jesca akapiga kigelegele kilichosikika mpaka ndani. Antipasi alikuwa analia na hakujificha. Alisema kwa sauti, bila kumwambia yeyote, kwamba wamepita.

Mbele kidogo, kwenye kalavati, maji yalikuwa yamekula upande mmoja wa barabara. Ardhi pale ilikuwa ngumu. Alikuwa amepita hivyo mara mia, gurudumu la kushoto chini, la kulia juu, gari limeinama kidogo. Akapita hivyo hivyo. Gari likainama, naye akasubiri lirudi.

Halikurudi. Lilikwenda polepole, kama ng'ombe anayejilaza, kiasi kwamba alipata muda wa kusikia kuni zikihama juu ya kichwa chake, na muda wa kujua.

Walio ndani walitoka na michubuko, na shangazi alivunjika mkono. Wanaume wanne walirukia upande wa juu wakapona, wa tano alivunjika mguu. Alute na Jesca walikuwa upande wa chini, na hawakupona. Trekta la mkulima mmoja lilimfikisha Dorkas Itigi kwenye tela, Aneth amemshika njia nzima, na jioni alifanyiwa upasuaji akapata mtoto wa kike aliye hai.

Polisi walichukua gari na leseni. Kesi ilipopangiwa tarehe, Antipasi aliachiwa kwa dhamana akafika kijijini siku ya kuanua matanga. Watu walikuwa wanasema ni mvua, ni barabara, ni mapenzi ya Mungu. Walisema kwa kumhurumia, ili asikie. Alisimama.

"Barabara ilikuwa ile ile. Gari ndilo lilikuwa juu mno, na nililiinua mimi. Nilikatazwa kupakia watu juu. Aliyenikataza yuko hai, mkamuulize."

Mke wa Alute aliinua uso. "Ni mume wangu aliyekuja kukuomba."

"Yeye alikuwa hajui magari, mama. Mimi nilikuwa najua."

Baadaye kidogo mtu akaanza wimbo.

Kijiji hakikupata gari jingine. Aneth akaweka utaratibu kwamba kila mjamzito akifikisha miezi minane, aende Itigi akakae kwa ndugu mpaka ajifungue. Wengi waliondoka kabla ya mvua. Waliochelewa walivuka mbuga kwa miguu, na huko ng'ambo wakasubiri usafiri. Antipasi alianza kusimama pale mbuga inapoanzia, ana fimbo ndefu, anapima kina, anabeba mizigo. Hakutumwa na mtu.

Siku moja akaja mke wa mtoto wa mwisho wa Alute, tumbo mbele, furushi kichwani, mume wake yuko mbali machungani. Antipasi alinyoosha mikono apokee furushi. Mwanamke hakumpa.

"Tangulia," akamwambia. "Usigeuke nyuma."

Antipasi akaingia. Alichoma fimbo, akakanyaga, akachoma tena. Nyuma yake alisikia miguu ya yule mwanamke ikichomoka matopeni, mmoja, mwingine. Ikasimama, naye akasimama, macho mbele. Alisubiri muda mrefu, maji yakiwa magotini. Kisha ikaanza tena, naye akachoma fimbo.