Upepo Haushiki, Unaachia

Haya ni kweli tupu, na kama nimeongeza hata chumvi ya kuonjea, mibuni yangu yote ya Mpepai izae karanga.

Edina, kitinda mimba wangu, alikuja Jumamosi kutuambia kwamba kesho yake, baada ya misa ya kwanza, angeshusha tela la saruji Mbamba Bay. Safari yake ya kwanza kule. Mimi nimeendesha malori miaka thelathini na moja, hadi goti lilipoikataa klachi, na zile kona za kushukia ziwani nazijua moja moja kama punje za rozari. Moyo ukakataa. Lakini mtu mzima mwenye leseni yake humkatazi. Unamsimulia.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Wewe ukiwa tumboni, nilishuka palepale na mama yako na shehena ya mahindi, kwa tela hilohilo ulilopewa."

"Hii sijaisikia." Akavuta kigoda. "Na ukinidanganya, Baba?"

"Ukinikamata na uongo mmoja tu, kesho mimi ni utingo wako."

Mke wangu Ottilia alikuwa anachambua maharage. Akaguna.

Nikaanza. Nilikanyaga breki kona ya kwanza, nikakanyaga ya pili, kufika ya tano ngoma za magurudumu zimekuwa nyekundu na mahindi yanalipuka nyuma. Bisi zikamwagika mlima mzima, watu wa Lipingo wakadhani mawingu yameanguka.

"Zilikuwa na chumvi?" Edina akauliza.

"Usinikatize. Ndipo mpira unaopeleka upepo wa breki kwenye tela ukapasuka. Upepo ukaisha wote, tela likakosa breki, likatimua mbio hadi likanichungulia dirishani. Mama yako akaudaka ule mpira, akaupuliza kwa mdomo mpaka chini. Ndiyo maana ulizaliwa na mapafu ya kwaya. Sasa wewe nani atakupulizia? Waombe wakupe gari la hapahapa mjini."

Hakucheka.

"Baba, nilipokuwa darasa la nne uliniingiza chini ya tela hilohilo. Uliniambia nini?"

Nikatazama maharage.

"Ulisema watu hudhani upepo ndio unaoshika breki. Ukasema upepo haushiki, unaachia. Zinazoshika ni springi, na upepo ukiisha tela linaganda palepale lilipo. Sasa lako lilikimbiaje?"

"Siku ile lilikuwa na haraka."

"Baba." Akasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana. "Kama unaniogopea, sema tu. Kinachoua watu kule ni kukanyaga breki mfululizo hadi ngoma zichemke. Nitaingiza gea nzito nikiwa bado juu, kabla ya kona ya kwanza. Na hilo pia ulinifundisha wewe."

"Naogopa," nikasema. Sikumbuki kama niliwahi kulisema neno hilo kabla.

"Mimi pia, kidogo."

Ottilia hakuinua kichwa. "Kilian, lipa."

Nikalipa. Jumapili, juu kabisa kabla mteremko haujaanza, Edina alisimamisha gari akasema, "Utingo, shuka." Nikashuka na kipande changu cha gogo, nikakiweka mbele ya tairi, nikapita mpira kwa mpira, sikio karibu, nikitafuta unaovuja. Hakuna. Aliyeifunga mipira ile asubuhi ni yeye mwenyewe, na aliifunga kama nifungavyo mimi. Nikasimama pale nyuma ya tela muda kidogo, nikaondoa gogo, nikapanda.

"Mbona macho mekundu?"

"Vumbi, mama."

Akatazama barabara, akanitazama mimi. "Vumbi gani, Baba? Hii si lami?"

Nikajifanya napangusa gogo.

"Huo ni uongo wa pili. Na safari ya Jumatano unakuja."

Akabonyeza kitufe. Upepo ukaingia kwenye mipira, springi zikaachia, tela likaanza kusogea taratibu kwa gea nzito. Nikalipakata gogo langu, nikiwaza majirani nitawaambia nini karanga zikianza kuota kwenye mibuni.