Wimbo wa Rawinia Mahakamani

Tuliusikia mnyororo kabla hatujawaona waliouvuta. Ulilia ndani ya vichaka vya kangaga, ukanyamaza, ukalia tena karibu zaidi, na kila uliponyamaza mtu aliita namba kwa Kiingereza. Pirihira alikuwa amesimama mtoni, maji kiunoni, akifunga fito za uzio wa kuvulia mikunga. Hakugeuka mpaka alipomaliza fundo lake.

Wapima ardhi walikuwa Wazungu watatu. Mbele yao alitangulia Hohepa, mtoto wa shangazi yake Pirihira, amevaa kofia nyeusi ndefu.

"Binamu," Pirihira alisema, "hiyo kofia umeivaa au imekuvaa?"

"Nimepewa na Bwana Garrick. Zawadi."

"Na wewe umempa zawadi gani?"

Hohepa aliinyoosha ile kofia. "Mama yangu alikuwa mkubwa, baba yako mdogo. Bonde ni la mkubwa. Mahakama itasema."

"Mahakama inamjua mama yako?"

"Itamjua."

Bwana Garrick alikuwa na duka pwani na kiwanda cha kupasulia mbao. Aliitaka miti ya bondeni, lakini sheria ya Malkia wa Uingereza haikumruhusu mtu kununua ardhi yetu sisi Wamaori mpaka Mahakama ya Ardhi iseme ni ya nani. Basi alihitaji mwenye ardhi, na akampata Hohepa, mzaliwa wa pwani, ambaye hakuwahi kulala bondeni ila palipokuwa na msiba.

Hohepa akafungua madai, na asiyefika mahakamani alihesabiwa hana haki. Tukaviacha viazi vitamu ardhini, tukateremka pwani watu wote wa bonde, tukapiga mahema matopeni nyuma ya ghala la sufu lililogeuzwa mahakama. Ghala lilikuwa la Bwana Garrick. Mvua haikutupa nafasi. Watu wakaanza kukohoa, na Pirihira naye.

Hohepa ndiye aliyesema kwanza, na alisema vizuri, hilo hatumnyimi. Kwetu haki ya mahali ni moto: aliyeuwasha, na watoto wake wakauendeleza, ndiye mwenye mahali. Hohepa akasema mama yake Rawinia, mzaliwa wa kwanza, aliolewa pwani ila moto wake bondeni haukuzimika hata siku moja. Mdogo wake, yaani baba yake Pirihira, aliutunza kwa niaba yake tu, kama mtu anavyomtunzia mwenzake mbwa. Jaji aliandika yote.

Ikafika zamu ya Pirihira.

"Nitaimba," alisema.

Mkalimani, Mzungu aliyekulia kwetu na kukijua Kimaori hadi matusi yake, aliyapeleka maneno hayo kwa jaji na kuleta jibu. "Anasema hapa watu husema, hawaimbi."

"Mwambie mambo ya ardhi yamo kwenye nyimbo. Akiniuliza mambo ya farasi, nitasema tu."

Tulicheka. Jaji akakubali, kwa sharti moja: shahidi ni mmoja, na sauti iwe moja. Atakayemsaidia atatolewa nje.

Sidhani kama alijua amekataza nini. Kwetu mtu haimbi peke yake. Anaanza, ndugu wanasimama nyuma yake, pumzi ya mmoja ikiisha ya mwingine inapokea. Wimbo ukikatika katikati ni mkosi mkubwa. Unamfuata aliyeutunga hadi kaburini, kisha unawarudia watoto wake. Kwa hiyo Pirihira aliposimama, mdogo wake Tamihana alisimama naye bila hata kufikiri, na askari akamshika mkono.

"Nimesimama tu!"

"Kasimame nje."

Pirihira akauanza wimbo ambao Rawinia aliutunga siku alipoondoka bondeni kwenda kuolewa. Hohepa aliinua kichwa. Huo ndio wimbo aliobembelezewa mgongoni. Pirihira akautaja mlima, akakitaja kivuko, akataja uzio wa mikunga na mtu aliyeujenga. Jaji aliiweka kalamu chini. Bwana Garrick alikuwa anatazama saa yake.

Hapo kikohozi kikamkamata. Alishika meza, akavuta pumzi, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Sisi wa upande wake tulikuwa na maneno yote mdomoni, na askari mlangoni. Hakuna aliyethubutu, kila mmoja alifikiri kwamba akitolewa nje, haki yake itatoka naye. Pirihira akajaribu tena. Midomo ilicheza, sauti haikuwamo.

Hohepa alikuwa bado amesimama mahali pa mdai, ambapo aliruhusiwa kutoa sauti bila kutolewa nje. Alimtazama Bwana Garrick. Alitazama chini. Kisha akaivua ile kofia, akaupokea wimbo wa mama yake pale ulipoangukia, akauimba kwa sauti nzito iliyonyooka:

*Moto wangu nauzima, kwa mkono wangu huu,*
*Mto nakwachia ndugu, uwape na wajukuu,*
*Kwangu ubaki ukungu, niutazame u juu.*

Aliufikisha mwisho kama inavyopasa. Ndipo alipoyasikia maneno aliyoyaimba. Tuliona yanavyomfika usoni, moja baada ya jingine.

Jaji akauliza kupitia kwa mkalimani, "Wimbo huu ni wa nani?"

"Wa mama yangu."

"Na moto anaouzima ni upi?"

"Wake. Wa bondeni."

"Asubuhi ulisema haukuzimika."

"Nilisema."

"Sasa lipi ni la kweli?"

Bwana Garrick alimkoholea kidogo, ishara yake ya onyo dukani. Hohepa hakugeuka. "Unataka niseme mama alidanganya?" alimwambia jaji. "Sitasema hivyo. Mama aliuzima."

Baadaye wapo waliodai kwamba Pirihira alikatisha wimbo makusudi. Alipoulizwa alijibu kwamba ghala lilikuwa na vumbi la sufu.

Jioni hukumu ikasomwa: bonde ni la Pirihira. Tulitoka nje tukipiga kelele. Bwana Garrick ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia. Alimpita Hohepa kama mtu anavyopita nguzo, akanyoosha mkono.

"Hongera, mama. Sasa ni lako peke yako. Njoo dukani tuzungumze habari za miti."

"Peke yangu?" Pirihira akamgeukia mkalimani. "Wameandika majina ya nani?"

"Lako."

"Na ya nani tena?"

"Lako tu. Wewe ndiye uliyesimama. Ukitaka kuliuza utaliuza, ukitaka kuwafukuza hawa utawafukuza. Ndiyo sheria."

Kelele zikafa. Tamihana alikuwa bado na matope ya kule alikotupwa.

"Kwa hiyo mimi ni mgeni wako, dada?"

"Usinitie hasira."

"Nauliza tu. Nikitaka mkunga nibishe hodi?"

Hohepa alikuwa ameketi kwenye robota la sufu, kichwa wazi. "Ndivyo ilivyopangwa hata kwangu," alisema. "Garrick aliniambia jina moja linatosha. Jina moja ni rahisi kuzungumza nalo."

Pirihira hakuupokea mkono wa mwenye duka. Alimshika Tamihana begani, akapaza sauti yake iliyokwaruza, jaji aliyekuwa anapanda farasi naye asikie.

"Tamihana, kesho wakifungua mlango huu watanikuta mbele yake, na keshokutwa, na siku zote watakazokaa hapa. Viazi vioze. Sirudi bondeni mpaka jina lako liandikwe, na majina ya wote waliolala matopeni, na la huyu mjinga pia, maana ni mtoto wa shangazi yangu. Nakuahidi."