Mtoto wa Tisa wa Darasa la Nne

Shule ilikuwa na vyumba vitatu, wanafunzi thelathini na wanane, na walimu wanne ukimhesabu mwalimu mkuu, mama mmoja mwembamba aliyefundisha kama wenzake na kufagia ofisi yake mwenyewe. Zamani jengo lile lilikuwa karakana ya useremala. Watoto waliofika pale wengi walikuwa wameshindwana na shule kubwa: wenye kigugumizi, waliochelewa kuanza, waliohamahama na wazazi wao. Hapakuwa na kiboko, wala kupangwa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kila mwaka ofisi ya elimu ilileta fomu, na mwalimu mkuu aliijaza mwenyewe: jinsia, umri, lugha ya nyumbani, anaishi na nani. Watoto kumi na mmoja waliangukia safu ya "wengineo", yaani bibi, shangazi, kaka mkubwa. Mwaka huo fomu ilikuja na barua. Darasa la nne lisipofikisha wastani wa sitini katika mtihani wa wilaya, shule ingewekwa chini ya uangalizi.

Darasa la nne lilikuwa na watoto tisa. Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Desimali, alichukua alama za jaribio la mwisho akapiga hesabu mara mbili.

"Wanane wanatupa sitini na tatu," alisema. "Tukimtia wa tisa, tunashuka hadi hamsini na saba. Katika shule ya watoto mia tano, mmoja hatikisi kitu. Sisi anatuangusha chali."

"Kwani alipata ngapi?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Tisa, mwalimu. Tisa juu ya mia."

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi, aliyehamia mjini na bibi yake miezi saba nyuma bila kujua hata neno moja la lugha ya darasani. Alijifunza kwa kurudia chinichini kila alichosikia, ndiyo maana wenzake wakamwita Kasuku. Alipoitwa hivyo mara ya kwanza, alilirudia na jina lenyewe.

Ijumaa, watoto walipotawanyika, mwalimu mkuu alipita kwa bibi yake Kasuku, fundi cherehani aliyeshona barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Mtoto kafanya nini?"

"Hajafanya kitu." Mwalimu mkuu aliukunja na kuukunjua ukingo wa mtandio wake. "Jumatatu kuna mtihani. Nilikuwa nafikiri, kwa vile bado hajazoea, labda apumzike nyumbani. Kama vile anaumwa."

Alijiandaa kugombezwa. Bibi alisimamisha cherehani, akafikiri kidogo.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema. "Ukiona hivyo ni vizuri kwake, sawa. Aumwe nini?"

Mwalimu mkuu aliaga upesi. Njiani alikutana na Kasuku akitoka dukani na penseli mbili mpya mkononi.

"Mwalimu, Jumatatu penseli au kalamu?"

"Penseli," alijibu, kisha akaongeza mwendo.

"Penseli, penseli," alisikia nyuma yake.

Siku mbili zile roho ilimsuta. Jumamosi alijaribu kusahihisha madaftari, akajikuta anasoma mstari uleule mara tatu. Kama yule bibi angemfokea angekuwa na la kujitetea. Bibi alimwamini, basi.

Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni pa darasa la nne akahesabu vichwa. Vinane. Mtihani ulikuwa unaanza saa tatu. Zilibaki dakika ishirini na tano.

"Desimali, nisimamie hapa," alisema, kwa haraka yake akasahau kwamba hilo si jina la mtu. "Narudi."

Alikwenda mbiombio, viatu mkononi kipande cha mwisho. Kasuku alikuwa amekaa kando ya cherehani, sare imepigwa pasi, penseli zimechongwa.

"Nimeshindwa kumpa ugonjwa, mwalimu," bibi alisema. "Nikimwambia tumbo, anasema tumbo, tumbo, halafu anacheka. Nikimwambia homa, vilevile."

"Nisamehe, bibi. Nilikuja kukuomba jambo la aibu. Sikuwa namfikiria yeye, nilikuwa nafikiria wastani."

Bibi alimsimamisha Kasuku. "Kumbe. Basi vaa viatu vyako, msije mkachelewa bure."

Matokeo yalirudi baada ya wiki sita. Wanane walipata wastani wa sitini na tatu, kama ilivyokadiriwa. Kasuku alipata ishirini na saba. Wastani wa darasa ukawa hamsini na tisa.

"Alama moja," Desimali alisema huku ameshika kichwa. Halafu akacheka, kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. "Ila kutoka tisa hadi ishirini na saba kwa muhula mmoja! Hakuna shule kubwa yenye ongezeko kama hilo."

Afisa elimu alikuja, mpole, mwenye tai fupi. Alisoma karatasi mbili ambazo mwalimu mkuu alikuwa amezibana nyuma ya fomu, zenye maelezo ya kila mtoto na alikoanzia. Alikiri kwamba ameelewa, na kwamba sheria ni sheria. Shule iliwekwa chini ya uangalizi mwaka mzima, na wazazi wawili wakawahamisha watoto wao. Wakabaki thelathini na sita.

Siku ya kuchukua ripoti, bibi alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu.

"Ishirini na saba ni nzuri?"

"Bado ni ndogo, bibi. Lakini ni mara tatu ya ile ya kwanza."

"Na muhula ujao ataongeza mara tatu tena?"

Mwalimu mkuu alipiga hesabu kichwani, akatabasamu. "Hiyo itakuwa themanini na moja. Tusimtwishe."

"Sawa, nusu yake inanitosha," bibi alisema, akaikunja ripoti mara nne na kuitia kwenye mkoba wake.